Kusoma Tena, Safari Hii Bila Mtihani

Mtu mzima akikwambia "siku hizi sisomi", mara nyingi si kweli. Kutwa anasoma: jumbe za kundi la ukoo, vichwa vya habari, ujumbe wa M-Pesa, karatasi ndani ya pakiti ya dawa. Kilichompotea ni kule kukaa na maandishi marefu nusu saa nzima, asitafute kitu chochote humo ila kinachofuata. Na kwa wengi tuliosoma riwaya za Kiswahili shuleni, Kenya au Tanzania, jambo hilo halikuondoka lenyewe. Tulilifukuza. Riwaya ilikuja na maswali yake. Kabla hujajua mhusika atapona au atakufa, ulishadaiwa dhamira nne, tamathali tatu za usemi na ufaafu wa anwani. Kitabu cha uchambuzi kiliuzwa rafu moja na riwaya yenyewe, na aliyebanwa na wakati alisoma uchambuzi, riwaya akaiacha. Mtihani ulipokwisha, sababu ya kufungua kitabu ikaisha nao.

Ndiyo maana watu wengi wanaojaribu kurudi wanakwama ndani ya wiki mbili, wakidhani wamekuwa wavivu. Uvivu haumo. Wamerudi na macho yale yale ya mtihani. Wanapiga mstari kila sentensi inayofanana na methali. Wakisahau jina la shangazi wa mhusika wanarudi kurasa kumi nyuma kulitafuta, kana kwamba wataulizwa. Wanachagua kitabu kigumu kwa sababu kina heshima, kisha wanajilazimisha kukimaliza. Hayo yote yalikuwa na maana darasani. Nyumbani yanaua hamu. Jina la shangazi likikutoka, endelea mbele. Kama lina umuhimu, mwandishi atalileta tena. Kalamu iweke kando. Na kitabu ambacho hadi ukurasa wa 40 hakijakuvuta kifunge bila kujieleza kwa yeyote. Kiache kwenye rafu, huenda baada ya mwaka kikawa ndicho.

Kuchagua kitabu cha kwanza ndiko kwenye uzito kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Anza na kitabu kilichoandikwa makusudi ili ushindwe kukiweka chini. Kwa Kiswahili hicho ni kitabu cha upelelezi, na tunavyo vya kutosha. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 kwa hadithi iliyochapishwa 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Humo yumo Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye madoido, lakini fumbo linakubeba: maiti imepatikana, kila mtu ana la kuficha, nawe unataka kujua. Anayependa mwendo wa kasi zaidi, wa bastola, magari na majasusi, amtafute Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wapo wanaoviita vitabu hivi vyepesi. Kwa anayerudi, wepesi ndiyo sifa anayoihitaji. Mguu uliotoka kwenye plasta hauanzi mazoezi kwa kupanda Kilimanjaro.

Baada ya kimoja au viwili vya namna hiyo, nenda kwenye riwaya zenye hadithi yenye nguvu lakini zinazokutaka utulie zaidi. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inafaa sana hapa, maana mwendo wake ni wa safari: kijana Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, na kila sura ina pahala papya. Kuli ya Adam Shafi (1979) inakuingiza bandarini Unguja, kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Vuta N'kuvute yake (1999) ni nene zaidi, ila Yasmin, binti aliyeozwa kwa mume mwenye umri wa kumzaa, hakuachi. Wengi wameiona filamu iliyotokana nayo, ya 2021. Kuijua hadithi kabla hakuharibu kitu. Kwa anayerudi kunasaidia, kwa kuwa akili haihangaiki kukumbuka nani ni nani.

Wanaosoma Kiingereza kazini siku nzima mara nyingi huona Kiswahili cha kitabu kizito, hata kama ndicho wanachozungumza nyumbani. Hao nawashauri tafsiri, hasa ya kitabu ambacho walishakipitia kwa Kiingereza. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, ni fupi na inasomeka kwa siku chache. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Ukiisoma kwa Kiswahili unahisi watu wa humo wamerudishiwa sauti waliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Na visivyofaa kuanzia? Nagona na Mzingile vya Euphrase Kezilahabi. Ni vyembamba, na wembamba huo ndio mtego: mtu anaona kurasa chache anadhani atamaliza jioni moja, kumbe wakati humo hauendi mbele kama saa na wahusika hawana anwani. Ni kazi kubwa, zisubiri. Shaaban Robert naye asomwe kwa njia yake. Sentensi zake zimejengwa zisikike, kwa hiyo ukizipitia kwa macho tu zinaonekana ndefu na za mahubiri. Kusadikika (1951) inagawanyika vizuri sana kwa msomaji asiye na muda: Karama yuko kizimbani anajitetea, na utetezi wake ni masimulizi ya safari za wajumbe sita. Mjumbe mmoja kwa kikao kimoja, kwa sauti, na kitabu kimekwisha ndani ya wiki.

Sasa dakika. Usijiwekee lengo la vitabu kwa mwaka. Jiwekee dakika 15 kwa siku, na uzifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: baada ya sala ya alfajiri, chai ikiwa inachemka, baada ya vyombo vya usiku kuoshwa. "Nitasoma nikipata nafasi" haijawahi kumfikisha mtu sura ya pili. Siku tatu za kwanza pima mwendo wako: weka kengele ya dakika 15, soma kawaida, hesabu kurasa. Tuseme umepata 6. Kwa siku saba ni kurasa 42, na riwaya ya kurasa 160 itaisha siku ya 27. Ukisoma siku tano tu kwa wiki, ni wiki tano na ushee. Hesabu hii ndogo inatuliza, kwa kuwa unajua kitabu kina mwisho na unajua ni lini.

Vipimo vya maneno kwa dakika vilivyomo kwenye programu za simu usivifuate. Vimepimwa kwa Kiingereza. Neno letu moja, "nisingalimwambia", limebeba mtenda, ukanushi, sharti lililopita, mtendwa na kitenzi. Kwa lugha nyingine ni sentensi nzima. Msomaji mzuri wa Kiswahili atahesabiwa maneno machache na ataambiwa ni wa polepole, bure.

Tatizo litakalokukuta karibu hakika katika wiki ya kwanza ni hili: unafika chini ya ukurasa, macho yamepita kila mstari, na hujui umesoma nini. Macho yamezoea kuparaza skrini, kuokota neno la kwanza la mstari na kurukia mstari wa tatu. Dawa ya kwanza ni sauti. Soma kurasa mbili za mwanzo wa kila kikao kwa kunong'ona au kwa sauti kamili. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, ulimi haukwami, na sauti inayalazimisha macho kwenda neno kwa neno. Baada ya hapo nyamaza, endelea kimya. Dawa ya pili ni kadi ngumu, hata kipande cha boksi la chai, iliyokatwa upana wa ukurasa. Watu huiweka chini ya mstari wanaousoma. Iweke juu, ifunike ulichokwisha kusoma, uishushe kadiri unavyoshuka. Ikiwa chini inakuzuia kwenda mbele. Ikiwa juu inazuia ule mtindo wa kurudi nyuma kila sentensi. Siku kumi hivi zikipita, kadi utaisahau wewe mwenyewe.

Usingizi nao una sababu yake. Ukisoma umelala chali kitandani saa nne usiku, mwili umeshaelewa kwamba ni wakati wa kulala, na kitabu kitakuangukia puani kurasa tatu mbele. Kukaa kwenye kiti, mgongo ukiwa umeegemea, na kuanza kikao mapema kwa saa moja tu, kunatosha kwa watu wengi. Kwenye daladala au matatu, anayechafukwa na moyo si kwamba hawezi kusoma: masikio yanauambia ubongo kwamba gari linaenda, macho yaliyo kwenye ukurasa yanasema tumetulia, na ugomvi huo ndio kichefuchefu. Kaa mbele, soma gari likiwa kwenye foleni, funga kitabu linapoanza kona. Foleni zetu zina dakika za kutosha.

Maneno magumu. Weka nukta ndogo ya penseli pambizoni, uendelee. Mwisho wa kikao chagua matatu tu ya kutafuta kwenye kamusi, yale ambayo bila hayo kisa hakieleweki. Kama ukurasa mmoja una nukta zaidi ya tano, na unaofuata hivyo hivyo, kitabu hicho ni cha baadaye. Watu wengi waliacha kamusi kwa sababu walilikosa neno ilhali limo, na hii inafaa kuelezwa sawasawa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka 1981, haina "aliyemfungulia". Vua viambishi vya mbele kimoja kimoja: a, li, ye, m, kimebaki "fungulia", punguza mnyambuliko wa mwisho, umefika "fungua", na ndiko utakakolikuta. "Hawakupikiwa" linakwenda kwenye "pika" kwa njia hiyo hiyo. Nomino zinatafutwa kwa umoja, na hapo ngeli ya U inawapoteza wengi: "nyuso" iko chini ya "uso", "kuta" chini ya "ukuta", "ndimi" chini ya "ulimi", "mbavu" chini ya "ubavu". Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ya 2015, ni nzito kubeba lakini ni pana zaidi na inafaa kukaa mezani. Maneno ya Unguja na Mombasa ambayo hayamo kokote, muulize mtu wa huko. Huwa wanafurahi kuulizwa.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu wa miaka 40 na kuendelea hukiita "kuchoka kusoma" wakati ni macho tu. Lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa kadiri umri unavyokwenda, na vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Jipime: shika kitabu sentimita 40 hivi kutoka usoni, mwanga wa kutosha. Ukijikuta unakisogeza mbali ili herufi zitulie, au kichwa kinauma juu ya nyusi baada ya dakika kumi, tafuta miwani ya kusomea. Ile ya dukani, ya kuanzia +1.00, inasaidia kwa muda, lakini vioo vyake viwili vina nguvu sawa. Kama macho yako hayalingani, au yana kasoro nyingine, itakuongezea maumivu. Kapimwe. Na ukishaenda, omba wakuangalie pia presha ya macho, ugonjwa usiotoa taarifa mapema.

Taa iwe nyuma ya bega, mwanga uangukie ukurasa wala usikupige machoni, na kivuli cha kichwa kisikae juu ya mistari. Vitabu vyetu vingi vya zamani vimechapwa kwenye karatasi ya rangi ya kahawia, ambako wino na karatasi havitofautiani sana, kwa hiyo vinadai mwanga zaidi ya kitabu kipya cheupe. Umeme ukikatika, taa ya sola iliyoning'inizwa juu ya bega inafanya kazi vizuri kuliko tochi ya simu iliyoshikwa mkononi.

Simu yenyewe iache chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi hakutoshi. Unajua iko pale, na sehemu ya akili inaisubiri. Kama simu ndiyo kitabu chako, zima data kabla ya kufungua faili. Na tazama faili ni la aina gani. EPUB inajipanga upya kufuata upana wa skrini: ukikuza herufi, mistari inajikunja yenyewe. PDF ni picha ya ukurasa, hasa ile iliyopigwa kwa kamera. Ukiikuza inabidi uivute kulia na kushoto kila mstari, na baada ya kurasa tano vidole vimechoka kuliko macho. Wengi walioamua kwamba hawawezi kusoma kwenye simu walishindwa na PDF. Ukilazimika, igeuze simu ilale kwa upana, upana wa ukurasa ujaze skrini, ushuke taratibu. Zile PDF za riwaya zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp sizipendekezi: kurasa hukosekana katikati, na mwandishi, au watoto wake, hawapati hata shilingi.

Kitabu cha karatasi kikaguliwe kabla ya kulipia. Vitabu huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na fungu zima linaweza kurukwa au kurudiwa kiwandani. Angalia namba za kurasa katikati, hasa pale 16, 32, 48, 64 na kuendelea: hakikisha zinafuatana. Jalada la gundi usilifungue kwa kulikunja katikati, utauvunja mgongo na kurasa zitaanza kutoka. Simamisha kitabu mezani kwa mgongo, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu laza kurasa chache chache kutoka pande zote mbili, ukizikandamiza taratibu, mpaka ufike katikati. Dakika mbili, na kitabu kitadumu miaka. Pwani usiegemeze rafu ukutani moja kwa moja. Acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite, la sivyo ukungu utaingia masika ya kwanza.

Mitumba ya vitabu ndiyo rafiki wa anayejaribu, kwa kuwa kukiacha kitabu cha bei ndogo hakuumi. Nairobi sehemu za kuviuza watu wanaziita inama bookshop, vitabu vimetandazwa chini nawe unainama kuchagua. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967. Humo zimo riwaya za miaka ya sabini na themanini ambazo dukani hazipo tena. Nenda na orodha ya majina matatu, maana ukienda mikono mitupu utaishia kwenye magazeti.

Siku zile umechoka kabisa na riwaya haiingii, usikivunje kikao. Fungua utenzi. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachoendelea ubeti hadi ubeti kama kamba. Beti ishirini kwa sauti ni dakika chache tu, na mpigo wake unakubeba hata akili ikiwa imelala nusu. Hadithi fupi nayo inafaa, maana inaanza na kuisha kabla hujalala.

Daftari la kusoma liwe na mstari mmoja kwa siku: tarehe, ukurasa ulipoachia, na neno moja kuhusu kilichotokea. "12/6, uk. 74, barua imepatikana." Basi. Mstari huo una kazi moja: ukikosa siku nne kwa msiba au safari, usome mistari mitano ya nyuma uendelee ulipoachia, badala ya kuanza kitabu upya. Kuanza upya kumewapoteza watu wengi. Wanazijua kurasa thelathini za mwanzo za vitabu saba. Ukitaka mwenzio, wawili wanatosha: kitabu kimoja, kurasa 40 kwa wiki, simu ya dakika kumi Jumapili. Kundi la watu ishirini huanza kwa shangwe na baada ya mwezi linabaki la kutumiana picha za majalada.

Kipindi cha hatari kuliko vyote kinakuja usipokitazamia: siku ile umemaliza kitabu cha kwanza. Umefurahi, umemwambia kila mtu, na kesho yake saa ile ile hakuna kitu mezani. Siku mbili za namna hiyo, simu imeshachukua kiti chake. Kwa hiyo ukibakiwa na kurasa 20 za mwisho, kitabu cha pili kiwe kimeshapatikana, na jioni unapomaliza kile cha kwanza, usifunge kikao kabla hujasoma ukurasa mmoja wa hiki kipya.